Sura ya Tano: Tarakimu Iliyoitangulia Herufi

Katika dini nilizopata kuzisoma habari zake, sijui nyingine ambayo kitabu chake kitukufu hufunguliwa kwa tarakimu. Aghalabu vitabu vya namna hiyo huanza kwa neno, ama kwa jina la Muumba, ama kwa kisa cha mwanzo wa mbingu na ardhi. Lakini kitabu cha Masingasinga, ambacho wenyewe hukiita Guru Granth Sahib na kukiadhimisha kama mwalimu aliye hai, huanza kwa hesabu, na hesabu yenyewe ni moja. Kabla ya herufi ya kwanza kuandikwa, mwandishi ameweka alama ile ile ambayo mwenye duka huitia katika daftari lake la madeni na mtoto huichora mchangani siku anapofundishwa kuhesabu. Kisha ndipo inapofuata herufi moja iliyovutwa mkia mrefu, na viungo hivyo viwili vikikaa pamoja husomwa Ik Onkar, ndiyo shahada ya kwamba Mungu ni mmoja, hana wa pili. Alama hiyo ndiyo iliyonileta kuiandika sura hii katika nchi ya majani ya chai, Kericho na Bomet, mahali ambapo msomaji huenda asingetazamia kuambiwa habari za Punjab.

Tuitazame kwa karibu, maana umbo lake lina hoja ndani yake. Upande wa kushoto husimama tarakimu ya moja kwa hati ya Gurmukhi, kitanzi kidogo kilichoteremshiwa mkia. Kuliani mwake huketi ura, herufi ya kwanza miongoni mwa 35 za asili za hati hiyo, ambayo hapa ncha yake ya juu imeachwa wazi. Na kutoka katika uwazi huo mstari mmoja hupanda, ukapinda, ukaenea upande wa kulia juu ya alama nzima, wala haurudi kufunga kitu. Wako wanaosema kwamba mstari ule umeachwa bila kufungwa kwa sababu anayetajwa hana mpaka. Bhai Gurdas, aliyeshika kalamu Guru Arjan, mmoja wa walimu wakuu wa dini hiyo, alipokikusanya kitabu hicho mwaka 1604, aliligusa jambo hili katika tungo zake, na kwa maelezo yake twafahamu kwamba tarakimu haikutangulia kwa bahati wala kwa pambo la mwandishi.

Sababu yake nzito ni hii. Sauti ya Onkar ilikuwa imekwisha kutamkwa Bara Hindi kwa karne nyingi kabla ya kuzaliwa Guru Nanak, mwanzilishi wa dini hiyo, na wenye elimu wa huko walikuwa wameipasua na kuifasiri, hata wengine wakaona ndani ya sauti moja dalili ya miungu watatu. Neno, hata liwe tukufu namna gani, hukubali kufasiriwa. Kila kizazi huja na sherehe yake, na kila madhehebu huingilia mlango wake. Tarakimu haina mlango wa namna hiyo. Moja ukiigawanya haiwi moja tena, na ukiiongezea pia haiwi moja. Kwa hiyo ilipotangulizwa mbele ya herufi ilikuwa kama kitasa, na jina la kale likabaki na utukufu wake lakini lisiweze tena kuchukuliwa na anayetaka wawili au watatu. Naona hili kuwa tendo la akili kubwa, na nalisema bila haya ingawa mimi si mfuasi wa dini hiyo.

Maneno machache yanayoifuata alama hiyo hutaja sifa za huyo Mmoja: ukweli wake, uumbaji wake, kutohofu kwake na kutochukia kwake, kutofungwa na wakati, kutozaliwa, kuwapo kwa dhati yake mwenyewe, na kwamba binadamu humjua kwa neema ipitiayo kwa mwalimu. Msomaji wa pwani aliyelelewa katika elimu ya tauhidi, aliyefunzwa chuoni tangu utotoni kwamba Mola hana mshirika wala mzazi wala mwana, atasikia humo mambo mengi asiyoyaonea ugeni. Lakini tusiharakishe kuyachanganya. Masingasinga husema kwamba nuru ya yule Mmoja imo katika kila kiumbe, na mazungumzo yao juu ya jambo hili huelekea mahali ambapo mwanachuoni wa Kiislamu na kasisi wa Kikristo wangesimama na kuuliza maswali. Kufanana kwa dini katika msingi ni furaha, bali kufanana huko hakuziondolei haki yake tofauti zao.

Guru Nanak alizaliwa mwaka 1469 katika kijiji cha Talwandi, ambacho leo kimo Pakistani na kuitwa Nankana Sahib, akafariki mwaka 1539 huko Kartarpur. Alizaliwa katika nyumba ya Wahindu chini ya utawala wa Waislamu, na sahibu yake wa safari, aliyempigia rababu alipokuwa akiimba, alikuwa Mwislamu aliyeitwa Mardana. Yasimuliwa kwamba walifika Makka na Baghdadi. Kilicho wazi zaidi kuliko masimulizi ni kitabu chenyewe: katika kurasa zake 1,430 mna tungo za Sheikh Farid, walii wa Kiislamu wa Punjab, mna za Kabir aliyekuwa mfumaji, mna za Ravidas aliyekuwa fundi wa ngozi na kuhesabiwa na watu wa zama zake kuwa mtu asiyefaa kuguswa, na Singasinga akiinama mbele ya kitabu hicho, huyainamia maneno ya hao wote pamoja na ya maguru. Mwaka 1708, huko Nanded, Guru Gobind Singh, wa kumi, alikatisha silisila ya walimu wa kibinadamu na kukiachia kitabu daraja hiyo. Tangu hapo hakuna mtu anayekaa juu ya kiti kile.

Alama hii ilifikaje kwenye vilima vya Wakipsigis, wenyeji wa Kericho na Bomet? Ilifika mikononi mwa mafundi. Baina ya mwaka 1896 na 1901 serikali ya Kiingereza ilijenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria, ikaleta kutoka Bara Hindi wafanyakazi wapatao 32,000, na miongoni mwao walikuwamo Masingasinga wengi, maseremala, waashi na wafua chuma, watu ambao dini yao huwaamuru wale kwa jasho lao. Wengi wa wafanyakazi walirudi kwao; kiasi cha 2,500 walikufa; waliobaki walikuwa wapata 6,700. Reli ile ilipanda kwenye milima ya Londiani na Lumbwa, kituo ambacho siku hizi huitwa Kipkelion, na kutoka hapo Kericho si mbali. Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha, serikali ilitwaa ardhi kubwa ya Wakipsigis, ekari kama 25,000, ikawapa maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani ili walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa, na ardhi haikurudishwa kwa wenyewe bali iliangukia mikononi mwa kampuni za chai zilizoingia katikati ya miaka ya 1920. Hilo ni jeraha ambalo Kericho na Bomet hawajalisahau, nami siwezi kulipita kimya ninapotaja neema ya majani mabichi. Mashamba yalitaka magari ya kukokotwa, yalitaka milango, paa, mitambo na fundi wa kuitengeneza mitambo; na aghalabu fundi huyo alikuwa mtu mwenye kilemba na ndevu ambaye wenyeji walimwita Kalasinga.

Mji mdogo kama Kericho umetoa watu wawili wa jamii hiyo ambao majina yao yalivuka bahari. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, alishinda mashindano ya magari ya Safari mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976, na hapana Mkenya wa hirimu ile asiyelijua jina lake. Wa pili hakuwa mtu wa kelele. Puran Singh, ambaye wafuasi wake humwita Baba Puran Singh, alikuwa fundi aliyetoka Punjab akaishi Kericho miaka mingi, akishika kazi ya mikono mchana na dhikri usiku, kwa ibada ambayo walioijua waliieleza kwa taadhima kubwa. Katika miaka ya 1970, wakati Waasia wengi wa Afrika Mashariki walipokuwa wakihamia Uingereza, yeye naye alikwenda, na huko Birmingham, katika mtaa wa Handsworth, kukasimama kwa uongozi wake jumuiya iitwayo Guru Nanak Nishkam Sewak Jatha, jumuiya ya watumishi wasiotaka ujira. Alifariki mwaka 1983. Wafuasi wake wamemtambulisha kwa mji wetu hata katika jina, wakamwita mtu wa Kericho, na mahali alipoishi na kufanya kazi pamejengwa gurudwara ambayo ni miongoni mwa kubwa kabisa za Afrika, nyeupe, yenye kuba, na watu hutoka Uingereza na Bara Hindi kuja kuizuru.

Yafaa mtu aingie ndani ili aone tarakimu ile inavyofanya kazi. Mgeni huvua viatu mlangoni, akanawa mikono, akafunika kichwa. Asiye na kilemba wala mtandio hupewa kitambaa. Katika ukumbi wa ibada kitabu kimewekwa juu ya kiti chenye chandarua cha heshima, kimefunikwa kwa nguo za thamani, na nyuma yake husimama mtu akikipepea kwa usinga mweupe, kama walivyopepewa wafalme. Hapana sanamu ya kuabudiwa. Watu wote huketi chini, sakafuni, mwenye mali na asiye nayo, kwa kuwa kiti cha juu kimekwisha kuwa na mwenyewe. Wakati wa kuondoka kila mmoja huunganisha viganja akapokea tonge ya halua ya unga wa ngano, samli na sukari, nayo imegawanywa kutoka bakuli moja kwa mkono mmoja bila kuulizwa nani ni nani.

Kisha huja langari, yaani jiko la wote, na hapa ndipo ninapopenda kukawia. Desturi hii ilianzishwa na Guru Nanak mwenyewe na kutiwa nguvu na waliomfuata, na katika nchi ambayo mtu wa tabaka la juu aliogopa hata kivuli cha mtu wa tabaka la chini kisikiangukie chakula chake, ilikuwa amri ya kutisha: keti mstari mmoja, ule kilichopikwa katika chungu kimoja. Kericho mstari huo hutandikwa kwa busati refu. Sinia za chuma zenye vyumba hupangwa. Dengu huja katika ndoo na upawa, mboga hufuata, na chapati hugawanywa kwa mkono, nayo hupokewa kwa viganja viwili vilivyokunjuliwa, maana kuinyakua kwa mkono mmoja ni utovu wa adabu. Nyuma, akina mama na akina baba, wengine matajiri wa kutajika, husukuma unga, hukaanga vitunguu, huosha masufuria ambayo mtu mzima angeweza kukaa ndani yake. Chai hutolewa ikiwa na maziwa na viungo, na majani yake ni ya vilima vilivyo nje ya dirisha. Mchumaji wa chai aliyeacha mabuti yake ya mpira mlangoni huketi bega kwa bega na mwenye gari. Kijana mwenye kilemba hupita akisema, "Ongeza, mzee, dengu bado ipo," na mzee hujibu, "Asante, kijana wangu, nimeshiba," na kijana humwongeza hata hivyo.

Anayeijua nchi ya chai anajua kwa nini jambo hilo si dogo. Mashamba makubwa yalijengwa kwa daraja: nyumba ya meneja kilimani na bustani yake, nyumba za makarani chini kidogo, kisha safu za vyumba vya wachumaji, kila daraja na mlango wake na kisima chake, na mji nao, zama za ukoloni, uligawanywa kwa rangi, Wazungu huku, Waasia dukani, Waafrika kule. Wasanifu wa utaratibu ule walikuwa watu wa kanisani waliokiri kila Jumapili kwamba Mungu ni mmoja. Hoja ya Masingasinga, nami naiafiki, ni kwamba anayekiri umoja wa Mungu kisha akakataa kula na kiumbe wake amekiri kwa ulimi tu. Ile moja iliyoandikwa mbele ya herufi haijasomwa mpaka isomwe kwenye busati. Kwa sababu hiyo dini hii haikuweka jiko nje ya hekalu kama nyongeza ya sadaka, bali iliingiza jiko katika ibada yenyewe, na gurudwara isiyo na langari haihesabiwi kuwa imekamilika. Desturi hiyo hiyo ndiyo iwalishayo wasafiri huko Makindu, katika njia ya Nairobi na Mombasa, ambako gurudwara iliyojengwa mwaka 1926 pembezoni mwa reli huwapa chakula na malazi watu wa kila dini bila malipo.

Hata hivyo, haki inanitaka niseme na upande wa pili. Masingasinga wa Afrika Mashariki hawakuyashinda yote waliyoamriwa kuyashinda. Mafundi, wale wa jamaa ya Ramgarhia, na wakulima wenye asili ya mashamba ya Punjab walibeba mgawanyiko wao ng'ambo ya bahari, wakajenga gurudwara mbalimbali, hata Nairobi ikawa na za hawa na za hawa. Ndoa baina yao zilikuwa shida, sembuse ndoa na Mwafrika. Mtu mweusi alikaribishwa kwenye busati, lakini dukani na karakanani mara nyingi alibaki mtumwa wa mishahara midogo na maneno makali. Wako waliolipinga hilo kwa maisha yao, na wa kwanza kutajwa ni Makhan Singh, aliyeongoza vyama vya wafanyakazi wa rangi zote, akadai uhuru wa nchi hizi hadharani mwaka 1950, na kwa ajili hiyo akazuiliwa na serikali ya kikoloni hadi mwaka 1961. Siasa yake ilikuwa ya kikomunisti wala hakuipambanua kwa dini. Walakini kijana aliyelelewa mahali ambapo watu wote hukaa sakafuni nadhani alikuwa amekwisha kupewa somo la kwanza. Kasoro za waumini hazibatilishi alama. Zaidi ya hapo zaonyesha uzito wake, kwani kama ingekuwa nyepesi kuifuata, isingehitajiwa kuandikwa upya mwanzoni mwa kila mlango wa kitabu kile, kama inavyoandikwa.

Na wenyeji wa vilima hivi, je, walingoja reli ndipo waambiwe kwamba Mungu ni mmoja? La. Wakipsigis walimwita Asis, na pia Cheptalel, na jua lilikuwa ishara yake. Waliomba wakilielekea linapochomoza, na mbele ya nyumba walisimika mabwaita, madhabahu ya matawi, ambapo mambo makubwa ya ukoo yalifanyiwa dua. Ibada ya watu wote ilifanywa kapkoros, mahali palipotengwa juu ya kilima, na jina hilo hadi leo linakaa Bomet, ambako kiwanda kimoja cha chai cha wakulima wadogo huitwa Kapkoros. Wamisionari wa mwanzo walidhani watu hawa huabudu jua. Wazee walipinga: jua laonekana, naye haonekani, laonyesha tu. Napenda kuziweka ishara hizi mbili kando kwa kando, ile ya Kipsigis isiyoandikwa, iliyowekwa mbinguni ambapo hapana mtu awezaye kuimiliki, na ile ya Punjab iliyoandikwa kwa wino, na ambayo fundi aliyeondoka kwao na sanduku moja la vifaa angeweza kuichukua popote aendapo. Kila moja yaelekea ilifaa maisha ya wenyewe: mfugaji na mkulima aliyekaa chini ya anga lile lile kizazi baada ya kizazi, na msafiri ambaye nyumba yake ilibadilika.

Jumuiya iliyoanza na mtu wa Kericho ilipata baadaye kazi ambayo Masingasinga wa dunia nzima waliitamani. Kuanzia mwaka 1995 hadi 1999 watumishi wake walilivika upya dhahabu Harmandir Sahib, hekalu la Amritsar, lile lenye milango minne iliyoelekea pande zote nne, na waliofanya kazi hiyo waliifanya kwa kujitolea. Mwaka 2004, mkutano wa dini za ulimwengu ulipokutanika Barcelona, wao ndio waliopika na kuwalisha maelfu ya wajumbe kila siku, maaskofu, mashehe, marabi na watawa wa Kibudha wakiketi chini mstari mmoja na kufunikwa vichwa. Waliokuwa wakiwapakulia walikuwa wamejifunza kazi hiyo kwa watu waliojifunza Kericho.

Kericho kwenyewe jumuiya imejenga pia chuo, na vijana wa Kipsigis ni miongoni mwa wanaosomeshwa humo. Hawatakiwi kuingia dini. Masingasinga hawana desturi ya kutuma wahubiri kwa watu wa dini nyingine, na hili, kwa maoni yangu, latokana moja kwa moja na tarakimu yao, maana akiwa Mungu ni mmoja kwa kweli, basi jirani anayemwomba kwa jina jingine tayari yu mlangoni pake. Kwa hiyo mchumaji wa chai aliyekula kwenye busati lile tangu ujana wake hadi kuota mvi huenda Jumapili akasali katika kanisa kuu la Kikatoliki lililofunguliwa mwaka 2015, au akaswali Ijumaa msikitini, au akakaa nyumbani na dua za wazee wake, na siku ya pili akarudi kula. Na wapishi humpakulia kama walivyompakulia jana, wala hawamwulizi alikuwa wapi.